Mtoto kaungua na uji, nilitumbue lengelenge au niliache?

mama_kibonge: Jamani mwenzenu sijalala. Mwanangu wa mwaka na miezi minne kavuta kanga niliyoshikia sufuria, nilikuwa nimeiacha inaning'inia mezani, uji wote ukamwagikia mkono wa kushoto. Nimepagawa, jirani kaja mbio na dawa ya mswaki akampaka, mwingine anasema nitafute manyoya ya sungura. Asubuhi hii kuna lengelenge juu ya kiganja hadi vidoleni. Nifanyeje? Na nyie wa chumba kimoja mnapikia wapi, maana hapa jiko, kitanda na mtoto vyote viko pamoja.

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. USITUMBUE, hiyo ngozi ndo inazuia uchafu usiingie. Mpeleke hospitali leo hii, mkono hauachwi nyumbani hata kama kaungua padogo, vidole vikijiponea vyenyewe vinajikunja au vinagandana, baadaye mnaanza kutafuta upasuaji. Beba kadi ya kliniki waangalie chanjo ya pepopunda. Hiyo dawa usiisugue, watamsafisha wao. Na wengine mkae mkijua, mtoto akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, nimesema 20 sio kikombe kimoja basi, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Barafu hapana. Bangili na shanga vua mapema kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute.

Mzee wa Korido: Manyoya ya sungura bibi aliniwekea na nikapona vizuri tu

nesi_mstaafu: @Mzee wa Korido uliungua kidogo baba, ungepona hata bila sungura. Mimi nimebandua sana hayo manyoya kwenye vidonda vyenye usaha, mtoto analia mpaka sauti inakauka.

baba_T: Wangu ilikuwa maji ya kuoga. Dada alianza kumwaga ya moto kwenye beseni akaenda kuchota ya baridi, kurudi mtoto kashajitumbukiza. Sasa hivi kwangu ya baridi ndo yanatangulia, ya moto yanafuata, halafu unapima kwa kiwiko, mkono umezoea moto unakudanganya.

mama_kibonge: @baba_T mweh, na mimi ndo huwa naanza na ya moto 😢

Mzee wa Korido: Haya nesi nimekubali yaishe. Dada, mimi chumba kimoja miaka sita, napikia nje kwenye kibaraza, jiko nimelizungushia matofali, mpini wa kikaango unatazama ukutani. Ila angalia jivu, ukishaipua unaona limezima kumbe chini kuna mkaa unawaka, mtoto wa dada yangu alikanyaga hapohapo. Na jiko la mkaa usiliingize ndani usiku hata mvua inyeshe, ile hewa yake inaua.

mama_kibonge: Tumetoka hospitali. Wamemsafisha, kila kidole wamekifunga peke yake, tunarudi kesho kutwa. Kalala. Kanga nimeitoa jikoni.