Kumbe nyasi za asili zinawezekana uwanja wa BC Place, Kanada! Sasa Kombe la Dunia la 2015 wanawake walinyimwa kwa nini?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA imeagiza mechi zote 104 zichezwe kwenye nyasi za asili. Viwanja 8 kati ya 16 siku zote vina nyasi bandia: MetLife ya New Jersey iliyopewa fainali, Atlanta, Arlington, Houston, Inglewood, Foxborough, Seattle, na BC Place ya Vancouver. Wote wameambiwa waweke nyasi hai. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Tennessee na Michigan State wakapewa kazi ya kutafuta namna nyasi zitakavyoishi hata ndani ya uwanja wenye paa, kwa mwanga wa taa. Hela ipo, utaalamu upo, nia ipo. Hongera.

Sasa rudini nyuma kidogo. Fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake, 5 Julai 2015, Marekani 5 Japani 2, ilichezwa uwanja gani? BC Place hiyohiyo. Juu ya nini? Nyasi bandia. Na si fainali peke yake, mashindano mazima, mechi 52, viwanja sita vya Kanada. Dada zetu wa Nigeria, Cameroon na Ivory Coast nao walikuwemo humo.

Na msiniambie hawakusema. Oktoba 2014 kundi la wachezaji, mshambuliaji wa Marekani Abby Wambach na kipa wa Ujerumani Nadine Angerer wakiwemo, walipeleka shauri kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario, wakidai huo ni ubaguzi kwa sababu wanaume hawajawahi kuchezeshwa Kombe la Dunia zima kwenye plastiki. Wakapigwa danadana hadi Januari 2015, mashindano yako mlangoni, wakaliondoa. Mechi ya ufunguzi kule Edmonton, joto la uwanja lenyewe lilipimwa likakuta nyuzi 49! Hewa ya kawaida, chini panaungua. Kabla ya hapo, 2013, mchezaji wa Marekani Sydney Leroux alishaweka mtandaoni picha ya miguu yake ilivyochunika damu. Dunia nzima iliiona.

Najua kuna bwana atakuja hapa na tafiti. Karibu. Utafiti wa Ulaya wa 2006 uliofanywa kwa timu kubwa haukukuta majeruhi wakiongezeka kwa ujumla, ila uliona enka zinateguka zaidi kwenye nyasi bandia. Hiyo "kwa ujumla" ndiyo mnayoishikilia, enka mnairuka. Ukigeuka ghafla kwenye nyasi za asili, udongo unaachia, unang'oka na kipande cha nyasi. Kwenye bandia daluga inang'ang'ania, mwili umeshageuka mguu umebaki, mzigo wote unaishia kwenye goti na kifundo. Aliyewahi kucheza hahitaji kuchorewa.

Na sisemi kila nyasi ya asili ni salama. Desemba 2015 Megan Rapinoe wa timu ya taifa ya Marekani alikata kano ya goti mazoezini Hawaii, kwenye uwanja wa nyasi za asili uliokuwa hovyo. Wiki hiyohiyo timu yake ikagomea mechi na Trinidad na Tobago kwa sababu ya nyasi bandia za Aloha Stadium, mechi ikafutwa. Walifanya vizuri. Uwanja mbovu ni mbovu tu, lakini Uholanzi ligi kuu imeshazipiga marufuku nyasi bandia kuanzia msimu wa 2025/26, na Scotland wanafuata 2026/27. Wao wana wazimu?

Huku kwetu Tanzania nyasi bandia zikifika tunakata utepe. Kaitaba ya Bukoba, Nyamagana ya Mwanza, tulishangilia, na kwa kweli ukilinganisha na vumbi na mashimo, nami nilishangilia. Shida ni kinachofuata baada ya utepe. Uwanja wa kukodi kwa saa ninaochezea (jina sitaji, mwenyewe anajijua) chengachenga za raba zinazojazwa katikati ya nyasi zimeisha, nyasi zimelala, viungio vimefumuka, ukianguka unaacha ngozi. Saa nane mchana soli zinachoma. Dogo mmoja kaingia mguu kwenye kiungio, goti likajaa palepale. Mwenye uwanja anajibu nini? "Vaeni soksi ndefu." Na hela ya saa nzima kachukua!

Cheti cha FIFA cha nyasi bandia cha daraja la juu, Quality Pro, kinadumu mwaka mmoja tu, halafu uwanja unapimwa upya. Kile cha daraja la chini yake, Quality, miaka mitatu. Ugumu wake, mpira unavyodunda, mguu unavyoshika, vyote vinapimwa. Kocha au mchezaji yeyote humu aliyewahi kuoneshwa cheti ambacho hakijaisha muda kwenye uwanja wa nyasi bandia hapa nchini, aweke picha tuone.