Mrejesho: Riwaya ya Kiswahili niliyoiulizia

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita niliwauliza mnasoma vitabu gani, kwa kuwa hapa Lubumbashi vingi vinavyopangwa kando ya barabara ni vya Kifaransa, nami nilitamani riwaya ya Kiswahili. Nawashukuru kwa dhati. Dada mmoja alinitajia Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na shemeji yangu akaniletea nakala kutoka Dar es Salaam. Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, amenigusa mno. Pale anapoondoka kwa treni nilirudia kusoma mara mbili, kwa mwanga wa mshumaa, umeme ukiwa umekatika.