Kumchora mkubwa mwenyewe, au kumtuma panya aseme?

Mwalimu_Moro
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, Morogoro. Nasimamia gazeti la ukutani la shule, na kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumatatu.

Kijana wangu wa kidato cha tatu alichora katuni ya maboksi manne kuhusu maji. La kwanza, wanafunzi kwenye foleni ya bomba. La pili, bomba linatoa tone moja. La tatu, gari la mkuu wa shule linaoshwa. La nne, mkuu mwenyewe, miwani na kitambi chake, anahutubia paredi juu ya usafi. Alifanana naye mno. Haikumaliza hata kipindi kimoja ukutani, nikaagizwa niibandue.

Nikamwambia achore upya kwa mhusika wa kubuni, kama yule panya, Kipanya, wa katuni za gazeti la Mwananchi. Akanijibu, "Mwalimu, nikimficha si nitakuwa nimeogopa?" Sikuwa na jibu. Baba yangu alikuwa akinunua gazeti la Uhuru, akamtafuta Chakubanga, mhusika wa katuni, kwanza ndipo arudi ukurasa wa mbele. Nimelelewa na katuni za kuficha. Ndiyo kusema zote zilikuwa za woga? Mliofanya kazi magazetini nisaidieni, toleo linatoka Ijumaa.

Mzee wa Kurasa
Mwalimu, nilikuwa msanifu kurasa Dar miaka 19. Katuni ndiyo ilifika mezani mwisho, jioni, karatasi bado inanuka wino. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na mhariri alijua ni familia ngapi zinakula kwa gazeti lile. Basi anaweka kidole juu ya mchoro: "Huyu ni nani?" Mchoraji: "Mtu tu, bosi." Ukurasa unakwenda mtamboni. Asubuhi daladala nzima inajua ni nani.

Woga ulikuwepo, sikatai. Ila mwambie kijana kwamba mhusika wa kubuni ana kazi ambayo uso wa mkubwa hauiwezi. Christian Gregory alimchora Chakubanga ndani ya gazeti la chama tawala, na msomaji akimcheka alikuwa anajicheka na yeye, na jirani, na katibu wa tawi. Halafu mtazame panya wa Masoud Kipanya. Panya anaishi ndani ya nyumba. Anasikia ya sebuleni na ya chumbani, na hakuna anayekumbuka kumtoa nje kikao kikianza. Marais wamepita, panya yupo. Msomaji amemzoea kiasi kwamba akinyamaza tu ndani ya boksi, tayari kuna habari.

Mkaazi_Eastlands
Shikamoo Mzee. Mwalimu, nikupe ya huku Nairobi. Sisi tulikua na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo, kwa hivyo utamu wa mhusika wa kubuni naujua. Lakini enzi za chama kimoja, kuuchora uso wa Rais Moi gazetini lilikuwa jambo la kutothubutu. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa Desemba 1991, na mwaka uliofuata mchora katuni Gado, mtoto wa Dar, akaingia gazeti la Nation. Mara ya kwanza nilipomwona rais amechorwa na pua kubwa, niligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu ananiona nikisoma. Baada ya hapo sikuwahi kumwogopa vilevile tena.

Ilipokuja kesi ya ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, Gado akawa anamchora Uhuru Kenyatta na tufe la chuma limefungwa mguuni kwa mnyororo. Hata mada ikiwa nyingine kabisa, tufe liko pale. Hilo panya hawezi kulibeba.

Na kujificha hakukukingi. Kibet Bull, mchoraji wa huku Kenya, alikuwa anatoa picha za Rais Ruto kama kivuli cheusi, hazina jicho wala mdomo. Desemba 2024 alitekwa, akaonekana tena Januari. Kijana akimficha mkuu, isiwe kwa kudhani atasalimika.

Mzee wa Kurasa
Marahaba. Hapo umenishika. Oktoba 2024 hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilisitisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video kuhusu watu waliopotea. Na Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuuzwa nchini, sababu iliyotolewa ni usajili, mwezi uleule lilipotoa katuni ya Gado kumhusu Rais Kikwete.

Mama_wa_Wawili
Mwalimu, mimi ni mzazi, magazeti siyajui kwa undani. Nauliza tu: kitambi kilifanya nini? Si kitambi kilichokausha bomba. Gari ndilo lililooshwa. Mkuu atashikilia kitambi, aseme nimetukanwa, na maji yatasahaulika. Mwanangu angechora hivyo ningemwambia afute tumbo, gari aliache.

Mzee wa Kurasa
Mama, ungekuwa mhariri wangu ningestaafu na nywele nyeusi.

Mwalimu_Moro
Asanteni sana, kwa moyo wangu wote. Nilimpa kijana simu akasoma yote, akakaa kimya muda mrefu kwenye jibu la Mama. Amechora upya usiku. Mhusika ni ndoo ya bluu yenye ufa, ina macho, imesimama kwenye foleni toka boksi la kwanza. Gari lipo. Kitambi na miwani hakuna. Boksi la nne mlango wa gari uko wazi, kiatu kimoja cheusi kimeshuka na kukanyaga dimbwi la povu, na ndoo inauliza, "Yamebaki?"

Nimeibandika saa moja na nusu asubuhi. Sasa ni saa nane mchana, bado ipo.