Naomba ushauri: mwajiri anataka nianze kazi ya tiba ya usemi kabla leseni ya jimbo haijatoka

Mwanagenzi

Wakuu, salaam. Nimekwama na muda unanibana, naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi (F-1), namaliza shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha mwezi Mei. Saa za kliniki zinazotakiwa na ASHA (chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani) nimetimiza zote 400, yaani 25 za kutazama na 375 za kuhudumia wagonjwa mwenyewe. Mtihani wa taifa wa taaluma, Praxis, bado. Kinachonisubiri ni CF, kile kipindi cha kwanza cha kazi chini ya msimamizi.

Nina ofa mbili. Moja ni kituo cha kutunza wazee Texas. Wagonjwa wengi ni wa kiharusi na wenye shida ya kumeza, na hilo ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote. Wanataka nianze mara tu baada ya mahafali. Nilipouliza kuhusu leseni, mtu wa uajiri akasema nianze tu, karatasi zitafuata, kwa kuwa nitakuwa chini ya mtu mwenye leseni. Ofa ya pili ni shule California, saa 30 kwa wiki. Hao hawana haraka, ila nyaraka wanazodai ni nyingi mno.

Je, naweza kuanza kuhesabu CF wakati leseni ya jimbo inashughulikiwa? Nikiwa njiani kupata cheti cha ASHA, hakitoshi? Praxis niifanye sasa au nikishaanza kazi?

La mwisho linaniumiza kidogo. Msimamizi mmoja wa kliniki aliwahi kuniambia kwamba kwa lafudhi yangu sitakubalika katika kazi hii. Saa zangu alizisaini, lakini maneno yale bado ninayo.

Kauli Njema

Mdogo wangu, usianze.

Cheti cha ASHA na leseni ya jimbo ni vitu viwili, na kila kimoja kina mwenyewe. ASHA ni chama cha wanataaluma. Kinaweka viwango na kutoa cheti cha CCC, na waajiri wanakiheshimu sana, lakini hakina mamlaka ya kukuruhusu kumhudumia mgonjwa. Ruhusa hiyo inatoka kwa jimbo, na majimbo yote 50 yanadai leseni. Texas leseni inatolewa na TDLR, idara ya leseni ya jimbo. Mtu wa CF wanamwita intani, ana leseni yake ya muda, na lazima iwe mkononi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Leseni ya msimamizi wako ni yake, haikufuniki wewe. Kuna pia mtihani wa sheria za Texas unaofanyika mtandaoni, usiuache hadi dakika za mwisho.

Ukianza bila leseni, saa hizo jimbo halitazihesabu. Kibaya zaidi, utakuwa umefanya kazi ya taaluma bila leseni. Fomu nyingi za bodi zina swali la kama umewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu, na jibu la "ndiyo" utaliandika na kulieleza kila unapohamia jimbo jipya. Halafu kumbuka wagonjwa wa vituo vya wazee wengi wanalipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na Medicare inamtaka mtoa huduma awe ametimiza masharti ya leseni ya jimbo lake. Kituo kikidai malipo kwa kazi ya mtu asiye na leseni, hapo hatuzungumzii tena karatasi zilizochelewa.

Mwandikie huyo mtu wa uajiri kwa barua pepe, siyo simu. Mwambie utaanza siku leseni ya intani itakapotoka, na uulize jina la msimamizi wako. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu kituo.

Mpitanjia

Mimi sioni ubaya mkubwa kama mnavyosema. Soko lina ushindani, ofa ya kliniki ya watu wazima kwa mtu asiye na uzoefu haiji kila siku. Akiweka masharti watamchukua mwingine. Si aanze kwa kutazama tu, kazi yenyewe aguse leseni ikija?

Kauli Njema

Mpitanjia, kufanya mafunzo ya ndani ya kituo, kujifunza mfumo wa kompyuta, hayo anaweza kuanza nayo kama mwajiri amekubali kumlipa kwa hayo. Lakini hayahesabiki kwenye CF, kwa sababu asilimia 80 ya muda wa CF lazima iwe kazi ya kliniki ya moja kwa moja: tathmini, tiba, ushauri kwa familia, kuandika ripoti. Na ukweli wa vituo hivi naujua. Siku ya pili mtu wa zamu hayupo, mgonjwa anakohoa kila akinywa maji, wanamtafuta "yule binti wa usemi". Atakataa vipi wakati ameshavaa kitambulisho?

Kuhusu ushindani, kituo kinachomfukuza mtu kwa kudai leseni kimemwokoa.

Dada wa Zamu

Nafanya kazi kituo cha wazee, hivyo nitaongelea msimamizi. Hapo ndipo watu wanapopoteza mwaka.

Msimamizi wa CF awe na CCC hai, siyo leseni ya jimbo peke yake. Awe amefanya kazi angalau miezi 9 tangu apate cheti, na awe amesoma saa 2 za mafunzo ya usimamizi. Tovuti ya ASHA ina ukurasa wa kuhakiki cheti cha mtu. Mhakiki mwenyewe kabla ya kusaini mkataba, kisha mhakiki tena mwaka unapobadilika, kwa sababu cheti kikikatika katikati, kipindi hicho hakihesabiki hata kama wewe hukujua.

CF imegawanywa theluthi tatu. Katika kila theluthi anatakiwa akutazame ukiwa na mgonjwa kwa angalau saa 6, na awe na shughuli 6 nyingine kama kupitia ripoti zako, kujadili wagonjwa, kuzungumza na wenzako wa kazi. Jumla ni 36, yaani saa 18 na shughuli 18. Ni kidogo, tena kidogo mno kwa mtu anayeanza na wagonjwa wa kumeza. Msimamizi akiwa jengo jingine na ana vituo vitatu, utaamua peke yako kama mzee huyu arudi kwenye chakula cha kawaida au apelekwe picha ya eksirei ya kumeza. Kuna mgonjwa anayepaliwa bila kukohoa kabisa, chakula kinaingia njia ya hewa kimya kimya hadi nimonia inapojitokeza. Kwa macho ukiwa pembeni ya kitanda huwezi kuliona hilo. Unahitaji mtu wa kumpigia simu na akapokea.

Kwa hiyo waulize: msimamizi yuko jengo hili siku ngapi kwa wiki? Natakiwa nihudumie wagonjwa kwa asilimia ngapi ya saa zangu kuanzia wiki ya kwanza? Wakikwambia kiwango kilekile cha mtu mwenye miaka kumi, mimi ningekwenda California.

Mwalimu wa Herufi

Niko shule California, na ofa yako ya pili ina jambo la kuangalia kabla hujaikimbilia.

California hiki kipindi wanakiita RPE, na leseni yake ya muda nayo lazima itangulie, pamoja na alama za vidole. Bodi inataka wiki 36 za kazi ya muda kamili, na muda kamili kwao ni kuanzia saa 30 kwa wiki. ASHA inataka wiki 36 pia, lakini kwa saa 35, na jumla isipungue saa 1,260. Fanya hesabu: saa 30 kwa wiki 36 ni 1,080. Utakuwa umemaliza kwa jimbo na hujamaliza kwa ASHA. Kwa saa 30 utahitaji wiki 42, na mwaka wa shule hauna wiki nyingi za kuchezea. Omba saa 35 ziandikwe kwenye mkataba, au ujue mapema kwamba utaingia mwaka wa pili.

Pia shule za umma huku zina hati yao inayotoka kwa tume ya hati za ualimu, tofauti na leseni ya bodi. New York nayo ina ya kwake kwa shule. Ndiyo maana orodha yao ni ndefu, hawakusumbui.

Praxis ifanye sasa wakati madarasa bado yako kichwani. Majimbo mengi hayaidai kwa leseni ya muda, wanaidai kwa leseni kamili, na hapo ndipo watu huiahirisha hadi wamechoka na kazi. Ni maswali 132 kwa dakika 150, alama ya kufaulu 162 kwenye kipimo cha 100 hadi 200. Ukikosa unasubiri siku 28 kabla ya kurudia. Sehemu ni tatu zinazokaribiana uzito: misingi, tathmini, na tiba. Wanaofeli wengi niliowafundisha walikariri majina ya magonjwa, wakati maswali mengi yanakupa mgonjwa na kuuliza utafanya nini kwanza. Matokeo elekeza yaende ASHA na bodi ya jimbo wakati uleule wa kujisajili.

Mhamaji

Hakuna aliyegusa viza, na huyu dada yuko F-1.

Baada ya masomo una OPT, ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani yako, ya miezi 12. Fani yetu haimo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), hivyo usitegemee ile nyongeza ya miezi 24. CF ya muda kamili inaingia ndani ya miezi 12 bila shida, ila haiachi nafasi ya uzembe. Maombi yanaruhusiwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu, na tarehe ya kuanza unaichagua wewe ndani ya siku 60 baada ya kumaliza. Hapa ndipo pa kufikiri. OPT ikishaanza una siku 90 tu za kukaa bila kazi kwa jumla. Ukichagua tarehe ya mapema halafu leseni ya jimbo ikachelewa, siku zinaliwa wakati hata kazi huruhusiwi kuigusa. Chagua tarehe ya mbele kidogo.

Bodi nyingi zinaomba namba ya hifadhi ya jamii (SSN). Kwenye fomu ya I-765 kuna sehemu ya kuiomba pamoja na kibali cha kazi, ijaze.

Na ukipata mwajiri wa kukuombea viza ya kazi ya H-1B au makazi ya kudumu, taaluma yetu na ya audiolojia (huduma za usikivu) zimo kwenye sheria ya 1996 inayodai cheti cha wahudumu wa afya kutoka nje, wengi wanakiita VisaScreen. Kinadaiwa hata kwa aliyesomea Marekani, ila aliyesomea hapa hafanyi mtihani wa Kiingereza.

Kijana wa Mwaka wa Pili

Samahani kuingilia. Mimi nasoma shahada ya kwanza, nasita kati ya usemi na audiolojia. Njia ya leseni ni hiihii? Na nasikia vifaa vya kusikia vinauzwa dukani siku hizi, kazi itabaki?

Sikio Makini

Njia ni ndefu zaidi. Audiolojia siku hizi ni shahada ya udaktari, AuD, kwa kawaida miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Mazoezi chini ya usimamizi yamo ndani ya masomo, jumla yawe sawa na miezi 12 ya muda kamili, hivyo kwa kawaida ukihitimu huna CF inayokusubiri. Praxis yake ni nyingine, alama ni 162 vilevile. Leseni ya jimbo ipo palepale.

Vifaa vya dukani vimeruhusiwa tangu Oktoba 2022, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Mtoto hayumo. Mtoto mchanga anatakiwa apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, huduma ianze kabla ya miezi 6. Mtoto wa wiki kadhaa hawezi kukwambia amesikia. Unamwekea elektrodi kichwani akiwa amelala na kusoma jinsi mshipa wa usikivu unavyoitikia. Hakuna duka linalofanya hilo, wala kurekebisha kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio. Ukipenda fizikia ya sauti na vipimo, njoo huku. Ukipenda mazungumzo marefu na mgonjwa yuleyule kwa miezi, kaa kwenye usemi.

Kauli Njema

Mwanagenzi, la lafudhi sikulijibu na sitaki lipite. ASHA ina msimamo rasmi tangu 1998 kwamba lafudhi haimnyimi mtu haki ya kusoma wala kufanya kazi hii. Kinachoangaliwa ni kama unaweza kutathmini na kutibu, na kutoa mfano wa sauti inayolengwa pale tiba inapodai. Umefanya saa 375 na watu wamepona mikononi mwako. Aliyekwambia vile alikosea, na haki ya kukukatisha tamaa hakuwa nayo.

Mwanagenzi

Asanteni sana, nimesoma kila neno, na Kauli Njema ujumbe wako umenitoa machozi.

Nimewaandikia Texas. Wamekubali nianze leseni ikitoka, lakini msimamizi waliyemtaja anasimamia majengo mawili na anafika kwangu siku moja kwa wiki. California wamesema 35 inawezekana, msimamizi wake yuko shule hiyohiyo kila siku, na cheti chake nimekihakiki, kiko hai. Ila huko ni watoto, na mimi moyo uko kwa wagonjwa wa kiharusi. Nikifanya CF shuleni, nitafungiwa mlango wa hospitali?

Dada wa Zamu

Hapana. CCC na leseni kamili hazina alama ya shule wala hospitali. Utakachokosa ni uzoefu wa wagonjwa wa kumeza, na huo hospitali zitakuuliza. Texas waombe msimamizi awepo siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, kwa maandishi. Wakikubali, nenda Texas, ndiyo kazi unayoitaka. Wakikataa, saini California, na uulize kama kuna hospitali ya karibu inayochukua watu wa siku za ziada ukishapata leseni kamili. Na fomu ya I-765 usisubiri uamuzi huo, haiulizi mwajiri.