Kibaha–Morogoro: tupanue barabara au tuongeze mzigo kwenye SGR?

Fundi Reli:
Wadau, kabla ya kupanua Kibaha–Chalinze–Morogoro, fedha zitangulie kwenye SGR, reli ya kisasa. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa takriban saa nne, lakini barabara haimalizwi na abiria. Inamalizwa na ekseli za malori. Uharibifu wa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito: ekseli ya tani 10 ukiizidisha ikawa 11, uharibifu unaongezeka kama asilimia 46. Mizani ya malori ya Vigwaza, njiani humo, inamkamata aliyezidisha; asiyezidisha naye bado anaila lami. Treni ya mabehewa 30, kila behewa na makontena mawili ya futi 20, inaondoa barabarani malori yasiyopungua 30.

Mpima Barabara:
Mkuu, malori yapi? Ya Tanga na Moshi yanachepuka Chalinze. Ya Zambia na Lubumbashi yakifika Morogoro yanashika njia ya Iringa hadi Tunduma mpakani, ilhali SGR inaelekea Dodoma. Ukilishusha kontena Morogoro, umelipia kulinyanyua mara mbili na kulisubirisha, kwa safari ya reli ya kilomita 200 tu. Msafirishaji gani atakubali? Reli ya mzigo huo ni TAZARA, ya Tanzania na Zambia, na geji yake (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ni milimita 1,067. SGR ni 1,435, behewa halivuki. Barabara ya njia nne hadi Chalinze haikwepeki.

Fundi Reli:
Mzigo wa Tunduma ni kazi ya TAZARA, nayo ifufuliwe. Mimi nasema mzigo wa Rwanda na Burundi. Ukishushwa Ihumwa, Dodoma, lori limeepushwa zaidi ya kilomita 400.

Mpanga Ratiba:
Nyote mnaisahau njia yenyewe. Reli ya Dar–Dodoma ni njia moja, ya kwenda na kurudi. Treni ya abiria ya kilomita 160 kwa saa ikiikaribia ya mizigo, ya mizigo inaingia njia ya pembeni ya kupishana na kusimama, na kuianzisha tena treni nzito kama ile kunakula dakika nyingi. Ukijaza treni za abiria mchana, mizigo inakosa nafasi. Mizigo ipewe usiku, na njia za kupishana zirefushwe, maana mkia wa treni ukibaki kwenye njia kuu hakuna kupishana. Wanaodai kasi ya kilomita 250 kwa saa wajue kwa kawaida inahitaji njia ya abiria peke yake, na haitaondoa lori hata moja. Fedha ikipatikana, mimi naanza na kupishana, kisha mabehewa ya makontena.