Mkulima wa Ruvu azime pampu, mbwa wa Tegeta aendelee kuoga? Tujadili

Mleta mada, Kimara

Wadau salaam. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo naliweka mezani tulichambue bila matusi.

Mnaukumbuka mgao wa 2022, ule wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mto Ruvu unaoleta maji Dar umeshuka na jiji zima linalala na madumu. Huku kwetu kirikuu ya maji ikiingia mtaani ni mbio, watu wazima wanasukumana, bei ya dumu inapangwa kwa kukuangalia usoni. Sasa kipindi hichohicho maneno yaliyokuwa yanazunguka ni kwamba wakulima na wafugaji wa kandokando ya mto ndio wanatumalizia maji, waondolewe. Na mjini hapa karibu kila mtu aliitikia waondolewe, na mimi nikiwemo, sitaki kujifanya malaika.

Shida yangu ni kwamba kwao mama ni hukohuko. Kijiji kipo mbele ya Mlandizi, kutoka nyumbani kwa bibi mpaka mtoni ni mwendo wa dakika ishirini. Wajomba wanalima mchicha, bamia na matikiti bondeni, na huo mchicha mnaula nyie mnaonunua sokoni Mabibo. Mwezi wa kumi na moja ule nikaenda msibani. Asubuhi nikamkuta mjomba amekaa juu ya tuta, mchicha umelala chini wote, pampu kaifunika kiroba cha mbolea maana kaambiwa akiiwasha tu inabebwa. Hajui amwambie nini aliyemkopesha, maana mbegu alikopa. Na bomba kubwa la kuleta maji huku Dar wanaliona kwa macho, ila kitongojini kwao hamna koki hata moja, wanachota mtoni kwa ndoo.

Nimerudi mjini, kesho yake kutwa nimetumwa mzigo Tegeta. Nafika getini namkuta kijana wa kazi anamwogesha mbwa, German Shepherd dume, mpira wa bustani umefunguliwa mpaka mwisho, shampuu, povu linateremka hadi barabarani. Nikasimama pale nahesabu. Mpira ule tuseme lita 20 kwa dakika, kijana alikaa robo saa, hiyo ni lita 300, yaani madumu 15. Kwangu tupo sita na hayo ni ya siku mbili ukibana.

Swali langu ni moja. Kiangazi kikali kikija tena, wa kwanza kuambiwa azime ni nani, na kwanini kila siku anakuwa yuleyule?

Tegeta

Mkuu huyo mbwa sio wangu ila anaweza kuwa wangu, kwahiyo najibu. Hoja yako ina huruma nyingi hesabu kidogo. Pampu ya petroli ya inchi 3 kwa uwezo wake inatoa mpaka lita 1,000 kwa dakika. Iwashe kwa muda wa saa nane, hizo ni lita 480,000. Weka pampu mia moja mto mzima, na mia ni chache mno, unapata lita milioni 48 kwa siku. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ukizalisha kwa uwezo wake wote kwa siku ni lita milioni 196, Ruvu Chini milioni 270, jumla milioni 466. Yaani pampu mia tu zinameza kama sehemu ya kumi ya maji ya jiji lenye watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022. We unaniletea madumu 15 ya mbwa.

Halafu mimi nina mita, inasoma, nalipa. Mjomba wako ana kibali cha kutumia maji ya mto? Uliza tu. Na wezi walipopita mtaani kwetu kung'oa mita za maji waling'oa kulia na kushoto, kwangu wakaruka. Unajua kwanini? Kwasababu ya huyo mnayemwona anaoga.

Mbagala

Huo mgao mlioulilia miezi miwili kwetu ndio maisha ya kila siku, tunakunywa visima vya chumvi toka tumezaliwa hakuna aliyetufungulia mjadala. Endeleeni tu nipo nasoma.

Vingunguti

Mimi nimezaliwa kwenye ufugaji, sasa hivi nipo mjini nahangaika na nyama, kwahiyo naongea kitu nachokijua. Huyu wa Tegeta kapiga hesabu vizuri, ila aimalizie. Ng'ombe mkubwa siku ya joto anakunywa kama lita 40. Ng'ombe elfu moja ni lita 40,000. Hiyo pampu yake ya inchi 3 inazitoa kwa dakika arobaini, basi. Sasa niambieni ng'ombe anakausha mto kivipi? Anachoharibu ni kingo, hilo sibishi, kwato zinabomoa udongo unaingia mtoni mchanga unajaa mto unapanuka unakuwa kina kifupi. Dawa yake ni lambo mbali na mto, ng'ombe akishakunywa huko hana haja ya kushuka bondeni wala kupita kwenye mpunga wa mtu. Lambo tumeahidiwa na kila aliyekuja kuomba kura. Anakuja anachinjiwa, anakula na mfupa anaguguna, anasema lambo ni kipaumbele, mwaka unaofuata mnaonana naye kwenye tivii.

Mzee wangu alitolewa Usangu kule Ihefu wakati wa ile operesheni ya kuondoa wafugaji ya 2006 na 2007. Tuliambiwa sisi ndio tunaukausha mto Ruaha Mkuu. Haya tukatoka, wengi wakaelekezwa Lindi, wengine tukaishia Pwani, ng'ombe wanakufa njiani. Mto ukapona? Ruaha kiangazi umeendelea kukatika vilevile kama ulivyoanza miaka ya tisini mwanzoni. Na ugomvi tuliokuwa nao Usangu tukaukuta unatusubiri huku tulikoletwa. Ukimhamisha mtu umehamisha kesi tu.

Ubungo (mzee)

Wanangu, sheria mnairuka. Sheria ya maji ya 2009 inasema kipaumbele cha kwanza ni matumizi ya nyumbani, cha pili mazingira yaani mto wenyewe ubakiziwe, halafu ndio kilimo na mengine yafuate. Na ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto. Kwahiyo huyo mjomba kama matuta yake yapo ndani ya sitini basi huruma haina pa kukaa. Ila nami nauliza, kuogesha mbwa ni matumizi ya nyumbani? Maana kwa maandishi ni matumizi ya nyumbani hayo, maji yametoka kwenye koki ya nyumbani. Na huyo bibi anayechota mtoni kwa ndoo naye ni wa nyumbani. Wote wawili ni kipaumbele cha kwanza, mmoja ana koki mwingine hana.

Mnagombana na pampu na mbwa wakati maji yanaanzia milima ya Uluguru. Miti kule ikikatwa kiangazi mto unabaki jina. Na bwawa la Kidunda tumelisikia tangu nikiwa kijana mwenye nywele, mkataba umekuja kusainiwa Novemba 2022, bwawa la kushika mita za ujazo milioni 190, mvua ikinyesha zihifadhiwe kiangazi zifunguliwe. Lingekuwepo hilo, hata mgao wenu usingekuwa hivyo.

Mleta mada, Kimara

Shikamoo mzee. Mita 60 nimezisikia, na nikiri mjomba matuta yake ya mbele yamo humo. Ya nyuma hayamo. Ila amri ilipokuja haikupima, ilisema wote.

Mbwa nimemweka kwenye kichwa cha habari makusudi, na sio kwa ajili ya Tegeta peke yake, hebu nisimulie. Mwaka uliofuata nilikuwepo kijijini siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya mwembe, watu wengi, maana ajenda ya kwanza ilikuwa maji, kupanga zamu za pampu ili kiangazi kila mtu apate siku yake na mto upumzike. Kitu cha maana kabisa. Dakika kumi hazijafika akasimama mama mmoja, kamshika mwanae mkono, akamgeuza mgongo akafunua mguu, umefungwa kitambaa cha kanga. Kang'atwa na mbwa wa wafugaji pale kivukoni alipokwenda kuchota maji.

Uwanja ukalipuka. Wakulima wanasema mbwa wote wa wafugaji wauawe leoleo. Wafugaji wanasema wiki iliyopita kuna mtu katupa nyama yenye sumu njiani wakafa mbwa watatu, na mbwa ndio wanalinda ndama na fisi, aliyetupa ajitokeze. Mzee mmoja wa msikitini akasema haya majibwa yanalamba maji palepale tunapochota ya kutawadha, tutaoshea mara saba na udongo kama dini inavyotaka mpaka lini. Kijana nyuma akamjibu mzee hayo ni ya mto yanatiririka, sio ya kwenye bakuli. Ikawa darsa. Kuna mkulima akakumbushwa kwamba mbwa wake yeye ndiye aliyemrarua mbuzi wa jirani mwaka juzi, karibu washikane.

Mimi nilikuwa namwangalia mwenyekiti. Ajenda ya pampu ilipokuwa inasomwa alikuwa anakunja kunja karatasi, jasho. Mbwa alipoingia tu kwenye mkutano, mwenyekiti akaegemea kiti. Kwasababu pale kijijini kuna bwana mmoja ana pampu tatu, anaishi hukuhuku Dar, ndiye aliyetoa gari na mafuta wakati wa kampeni. Zamu za pampu zikipangwa wa kwanza kuguswa ni yeye. Mbwa ana nini? Mbwa hapigi kura wala hachangii mafuta. Saa kumi mkutano ukafungwa, azimio likaandikwa kila mwenye mbwa amfunge, maji yataitishiwa kikao kingine. Mpaka leo hicho kikao mjomba hajakisikia.

Na yule mtoto hakuna aliyeuliza kama kachomwa sindano. Nilipouliza mama yake akasema zahanati ya karibu wamemwambia hazipo. Tulichangishana nauli pale akapelekwa mjini.

Kibaha

Nasomea mifugo, naomba nichomeke hapo kabla hamjaendelea na siasa. Ukiumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, sio kumwagia kikombe kimoja na kufunga kanga. Halafu sindano bila kusubiri uone mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu hapo hakuna tena tiba, karibu wote wanakufa. Na kuua mbwa hovyo hakumalizi ugonjwa, mnachanja wengi mnaweza, mkiua wanakuja wengine wageni wasiochanjwa. Sasa dakika 15 za maji yanayotiririka kwenye kitongoji kisicho na koki, hilo nawaachia nyie wenye hesabu.

Tegeta

Mleta mada ungeanza na hiyo ya mwenye pampu tatu tusingefika huku. Kumbe hata wewe unakubali hesabu yangu, pampu ndio zinamaliza maji, ila sio pampu ya mjomba.

Mleta mada, Kimara

Nakubali hesabu, nakataa ulipoipeleka. Wewe uliikusanya mia moja ukamvisha mjomba zote. Yeye anayo moja, ya inchi 2, anaiwasha kwa muda wa saa mbili asubuhi na jioni akipata mafuta, na mafuta hapati kila siku. Aliyebebewa pampu 2022 ni watu wa aina yake, yule mwenye pampu tatu, zake zilikuwa zinanguruma usiku na kijiji kizima wanasikia, hakuna aliyekwenda. Na huku mjini hivyohivyo. Mtaani kwetu bomba lilipasuka, maji yakatiririka wiki nzima kipindi hichohicho cha mgao, watoto wakawa wanaogelea kwenye mtaro, tumepiga simu mpaka vocha zikaisha. Hayo nayo ni ya Ruvu, tena yameshasafishwa kwa dawa na umeme.

Msimamo wangu ndio huu, mnipopoe. Wa kukatwa kwanza ni mwenye pampu kubwa bila kibali awe wa chama gani, wa pili ni bustani na magari na mabwawa ya kuogelea na huyo mbwa, halafu ndio tushuke kwa mwenye matuta manne. Sasa hivi tunaanzia chini.

Vingunguti

Na lambo.

Mleta mada, Kimara

Na lambo ndugu yangu, sijasahau.

Mbagala

Huyo mbwa wa Tegeta anaoga lini tena tuje na madumu?

Tegeta

Jumamosi. Ila nimechimba kisima mwaka jana, ni chumvi tupu, akishaoga anajilamba mpaka jioni. Wa Mbagala njoo tu utajisikia upo nyumbani.