Kaka yangu akikasirika hajitambui: kuna kipimo cha serotonini?

DadaWaMoro: Shikamooni wakubwa. Kaka yangu ana miaka 29, mpole, wanangu wanamganda kutwa. Ila neno dogo tu anarusha sahani au anampiga aliye karibu, baada ya muda analia na kuomba radhi. Majuzi kamvunja mume wangu kidole, ugomvi wa rimoti. Majirani wanasema karogwa. Kijana mmoja wa maabara anasema ni serotonini ndogo, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, tulipie kipimo cha damu. Kipimo hicho kipo?

MuuguziZamu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Msilipe. Serotonini karibu yote, kama asilimia 90, iko tumboni, kwenye utumbo, na ile ya kwenye damu haivuki kuingia ubongoni. Karatasi ya majibu haitakwambia lolote kuhusu hasira zake.

Huyo kijana ameokota nusu ya habari. Mwaka 1983 watafiti Linnoila, Virkkunen na wenzao walipima maji ya uti wa mgongo ya wanaume 36 wa Finland walioua au kujaribu kuua. Waliofanya kwa ghafla walikuwa na mabaki machache ya serotonini iliyovunjwa, dalili ya serotonini ndogo, kuliko waliopanga. Mwaka 1987 wakaona hali kama hiyo kwa watu wanaochoma moto majengo. Kwa hiyo kinachoonekana pale ni kushindwa kujizuia, si ukatili. Tena ni wastani wa kundi. Hakuna daktari anayeweza kumpima mtu mmoja akasema huyu atapiga.

Mzee_Kigamboni: Si kuna jeni ya wauaji? Basi ni ya ukoo.

MuuguziZamu: Mzee wangu, jina hilo limeumiza watu wengi bure. Jeni inayoitwa hivyo ni ile inayotengeneza MAO-A, kimeng'enya, yaani protini ya kuvunja kemikali mwilini. Mwaka 1993 mtafiti Brunner alieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume walikosa kabisa kimeng'enya hicho. Kazi yake ni kuvunjavunja serotonini, kwa hiyo kwao haikuwa ikivunjwa inavyotakiwa. Ona inavyopingana na ile ya Finland: kule serotonini ndogo, huku haivunjwi! Na hali hiyo ni nadra mno. Mwaka 2002 utafiti wa New Zealand ulionyesha kwamba wenye MAO-A dhaifu walielekea kwenye ukatili zaidi pale walipoteswa utotoni.

DadaWaMoro, nijibu haya: anakunywa? Anavuta bangi? Ana kifafa? Amewahi kuumia kichwa? Na akianza, chukua watoto mtoke nje, msibishane naye.

DadaWaMoro: Hanywi wala havuti. Ila aligongwa na bodaboda, akazimia, akashonwa kwenye paji la uso. Nikifikiria vizuri, kabla ya hapo hakuwa hivi.

MuuguziZamu: Hilo ndilo la kuanza nalo. Nyuma ya paji la uso ndipo ilipo sehemu ya ubongo inayotuzuia tusirushe sahani. Mpeleke kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nenda naye wewe mwenyewe, ueleze alivyokuwa kabla ya ajali na alivyo sasa, maana yeye hawezi kujieleza hayo. Kama mna cheti cha ile ajali, kibebeni.